Kelele Chini ya Gari: Tafuta Mbele ya Kununua



Mwezi huu tuzungumze juu ya gari. Usicheke, ndugu. Wengi kati yenu mko na motokari nyumbani, ao mtoto wenu anajifunza kazi katika garaji. Na wale hawana gari wanapanda taksi kila siku. Basi, habari hii ni ya sisi wote.

Mzee mmoja wa kanisa letu alitumika mgodini miaka mingi. Alipoacha kazi alinunua Mercedes 280 E ya zamani, ile aina Wajerumani walitengeneza kati ya 1976 na 1985. Zamani ilikuwa gari ya wakubwa. Leo inabeba maarusi siku ya posho, na wagonjwa usiku. Siku moja ilianza kulia mbele, upande wa kuume: ko, ko, ko, kila shimo. Fundi mmoja aliinama, akatazama kidogo tu, akasema: “Papa, amortisere yote ine imekufa. Leta feza.”

Feza ilikuwako, lakini ilikuwa minervali ya watoto wawili. Mzee akaja kwangu kuuliza shauri. Mbele ya kuingia shule ya Biblia nilitumika katika garaji, basi nikamwambia: “Mzee, tusinunue kitu. Tutafute kwanza.”

Ujue kazi ya kila kitu

Resori inabeba uzito wa gari. Amortisere haibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia gari isirukeruke. Mbele, kila gurudumu inashikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu, mmoja chini. Pale mkono unakutana na gurudumu kuna rotile, kama vile mfupa wa paja unavyozunguka ndani ya nyonga. Na pale mkono unashikwa na gari kuna silambloke, ni mpira ndani ya chuma. Kitu kimoja kikilegea, chuma kinabeba sauti mpaka mbali. Kwa hiyo usiamini sikio peke yake.

Kwanza, uliza

Kelele inalia wakati gani? Hii ndiyo swali la kwanza, na halina bei.

Ikiwa inalia katika mashimo madogo, ukienda polepole, tafuta rotile, silambloke na mipira ya stabilizatere. Ikiwa inalia ukikanyaga freni, tazama ile fimbo inayozuia mkono wa chini usiende mbele na nyuma. Mipira yake inachoka mara mingi. Ikiwa inapiga mara moja tu, wakati unatia vitesi na gari inaanza kutembea, pengine ugonjwa hauko kwa magurudumu hata kidogo. Tazama mipira ya ule mti unaopeleka nguvu nyuma, na mpira unaoshika dife. Lakini gari ikiyumbayumba kama mtumbwi kiisha kupita shimo, hapo unaweza kushitaki amortisere.

Gari ya mzee ililia polepole, katika mashimo madogo. Haikuyumba.

Pili, tazama na sukuma

Simamisha gari pahali pa sawasawa. Upande mmoja umeshuka? Pengine resori imevunjika. Kuna mafuta yanashuka juu ya amortisere? Imepasuka. Pine imelika upande wa ndani tu? Kitu kinachoshika gurudumu kimelegea, ao paralelisme imeharibika.

Kiisha sukuma kona ya gari chini kwa nguvu, halafu acha. Ikipanda na kutulia, amortisere ingali na nguvu. Ikipanda na kushuka mara mbili, mara tatu, imechoka. Tulifanya hivi kwa kona zote ine. Gari ilitulia. Mzee akaniangalia, akasema: “Pasta, kumbe zingali nzima!”

Tatu, inua gurudumu

Hapa vijana wasikilize sana. Usiingie hata siku moja chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Tia shandele za chuma. Tofali linapasuka, jiwe linateleza, na mama yako hatapata mtoto mwingine kama wewe.

Kwa Mercedes hii resori inakaa juu ya mkono wa chini. Basi weka kriki chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, ili rotile ya chini ipumzike. Ukiinua gari pahali pengine, resori inaendelea kusukuma mkono chini, na rotile mbaya inajificha.

Shika gurudumu juu na chini, vuta na sukuma. Ikicheza, mwambie mtu akanyage freni. Kucheza kukiisha, ni rulema ya gurudumu. Kusipoisha, ni rotile. Kiisha shika kushoto na kuume. Ikicheza hapo, tazama rotile za volani. Mwisho tia fimbo ya chuma chini ya pine na kuinua, na mwenzako aangalie rotile.

Kijana wa mzee alikanyaga freni. Gurudumu iliendelea kucheza. Tulipoinua na fimbo, rotile ya chini ilipanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Mpira wake ulipasuka zamani, mavumbi na maji vikaingia.

Tulinyamaza wote. Siku ya posho iliyofuata gari hiyo ilipaswa kubeba bibi arusi mpaka Likasi. Rotile ya chini ikitoka njiani, gurudumu inalala na volani haina kazi tena. Kama tungalitia amortisere mpya ine, pengine kelele ingalipungua kidogo, na kifo kingalibaki palepale.

Kutengeneza

Mzee alinunua rotile mbili, kuume na kushoto, kwa sababu zilizeeka pamoja. Rotile hii inaingizwa kwa presi. Tulipeleka kwa fundi mwenye presi na chombo cha kufunga resori, kwa maana resori iliyokazwa ikiruka inaweza kuua mtu. Na ukibadilisha silambloke, kaza bulo ya mwisho gari ikiwa imesimama chini kwa uzito wake. Ukiikaza hewani, mpira unajikunja na kupasuka upesi. Kiisha tengeneza paralelisme.

Maarusi walipanda gari ingine siku ile. Minervali ilipungua, lakini haikuisha yote, na watoto hawakufukuzwa masomoni.

Na nyumbani kwetu?

Msomaji mpenzi, Mithali 18:13 inamhukumu mtu anayejibu mbele hajasikia. Baba anafoka juu ya chakula. Je, ugonjwa uko katika sahani, ao katika deni alilomficha mama? Kijana amekataa kwenda kuimba. Je, ni uvivu, ao kuna mtu aliyemhaibisha katika kwaya? Uliza: kelele hii inalia wakati gani? Kiisha ngoja jibu, hata kama linachelewa.

Mungu awalinde njiani na nyumbani.