Kijana wa mjengo, vumbi hilo si la kupangusa tu

Umemaliza Kidato cha Nne, karo ya chuo haijapatikana, na rafiki amekuunganishia kibarua: kuponda kokoto nje ya mji wa Kitui, au kukata mawe kwa grinda kwenye mjengo pale Wote. Jioni unarudi nyumbani mweupe kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga unga. Unajipangusa, unacheka, maisha yanasonga.

Hebu ngoja kidogo.

Mawe mengi ya Kitui na Makueni yana kwatzi, ambayo ni silika. Jiwe likiwa zima halina neno. Shida huanza ukilivunja, ukilitoboa au ukilikata. Chembe zilizo hatari zaidi hata huzioni kwa macho. Zinafika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na makovu yake hayaponi. Tena humrahisishia mtu kupata TB, na tangu 1997 shirika la IARC limeliorodhesha vumbi hili miongoni mwa visababishi vya saratani.

Mara nyingi dalili huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza. Ukianza na miaka 20, huenda ukaanza kuishiwa na pumzi ukiwa na 30, wakati una watoto wanaokutegemea.

Ufanye nini basi? Lowesha jiwe kabla ya kuligonga. Najua utauliza, maji yenyewe yako wapi? Kweli, huku Ukambani mtungi wa lita 20 hununuliwa. Lakini si lazima yawe ya kunywa. Yaliyofulia nguo yanatosha kumwagia rundo la mawe. Kaa upande unakotoka upepo, vumbi liende mbali nawe. Usifagie vumbi kavu. Kitambaa ulichojifunga usoni hakizuii chembe hizo. Tafuta barakoa ya N95 na uibane vizuri puani. Badilisha nguo kabla hujambeba mtoto.

Na usione haya kumuuliza bosi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali, na umwambie daktari kazi unayofanya. Asipojua unaponda mawe, atajuaje pa kuanzia?