Mhuri wa Posta kama Ushahidi wa Kihistoria

Swali la vyanzo vya historia likija, watahiniwa wengi hutaja tu masimulizi, maandishi na akiolojia, kisha huishia hapo. Alama nyingi ziko kwenye kueleza jinsi chanzo kinavyopimwa. Chukulia umepewa barua iliyoandikwa Uingereza mwaka 1815.

Kwanza tazama mhuri. Henry Bishop, mkuu wa posta, aliuanzisha mwaka 1661 baada ya watu kulalamika kwamba barua zao zinacheleweshwa. Mhuri ulionyesha siku barua ilipofika ofisini, hivyo mchukuzi mzembe hakuwa na pa kujificha. Ulikuwa na siku na mwezi tu. Mwaka uliongezwa kwenye mihuri ya London mwishoni mwa karne ya 18, kwa hiyo barua yako ya 1815 yaweza kukupa tarehe kamili.

Pili, jiulize mhuri umepigwa wapi. Kabla ya 1840 gharama ilihesabiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili, kwa hiyo watu waliikunja barua yenyewe, wakaifunga kwa lakiri na kuandika anwani mgongoni. Ubahili huo umetufaa sana: mhuri uko kwenye karatasi ileile yenye maneno. Bahasha zilipoenea baada ya 1840, barua ingeweza kubaki na bahasha ikatupwa pamoja na mhuri wake.

Sasa linganisha. Mwandishi ameweka tarehe 3 Machi, mhuri unasema 9 Machi. Usikimbilie kusema barua ni ya uongo; huenda ilikaa mezani, au ilisafiri siku kadhaa. Ila mhuri ukitangulia tarehe ya mwandishi, hapo pana tatizo. Lakini kama barua ilitoka Urusi, kumbuka kalenda: katika karne ya 19 kalenda yao ilikuwa nyuma kwa siku 12, hivyo 1 Machi ya St. Petersburg ilikuwa 13 Machi ya London.

Na barua isiyo na tarehe kabisa? Mhuri unakuambia haikuandikwa baada ya siku hiyo. Hauthibitishi kwamba yaliyomo ni kweli. Mwongo naye alipigiwa mhuri uleule.

Jaribu: Eleza mambo mawili ambayo mhuri wa posta unaweza kuthibitisha, na moja ambalo hauwezi.