Jino, Mbu na Gorogoro la Omena

Jino la mtoto likilegea akiwa na miaka sita, hakuna anayeshtuka. La mbele hung'oka, wenzake darasani hulicheka pengo, jingine huota. Lakini katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, lipo jino jingine ambalo huanza kucheza kabla ya wakati wake: gego. Ufizi hufura, shavu hujaa, na mzazi anayehangaika kutafuta dawa ya jino hajui kwamba kilicho chini ya gego hilo kinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ni vigumu kutaja saratani nyingine ya binadamu inayokua kwa kasi hiyo.

Inaitwa limfoma ya Burkitt. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, wavulana kuliko wasichana, na taya ndiyo makao yake mashuhuri, ingawa tumbo nalo haliachwi. Ikiwahiwa, dawa huiyeyusha kwa namna ya kushangaza. Katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sehemu ya sababu ni zile wiki zinazopotea kwa kung'oa meno na kunywa mitishamba.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, na muda mfupi baadaye akakutana na mwingine kama huyo Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakasafiri maili zipatazo 10,000 kuelekea kusini, wakibisha hodi hospitali baada ya hospitali na picha za watoto mkononi, wakiuliza swali moja tu: mmewahi kuona hii? Majibu yalipochorwa kwenye ramani, ugonjwa ulionekana kufuata joto na mvua. Yaani kule aliko mbu. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi ndani ya seli za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Uganda.

Virusi hivyo, vya Epstein-Barr, si vigeni. Karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Huambukizwa kwa mate, hujificha ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na kulala humo maisha yote. Malaria ndiyo huvuruga usingizi huo. Vimelea vyake huzichochea seli B zigawanyike ovyo, na katika purukushani hiyo kipande cha kromosomu ya 8 huweza kukatika na kujibandika kwenye kromosomu ya 14. Jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike, hujikuta mahali ambapo haizimwi tena. Kwa kawaida seli potovu ya namna hii ingekamatwa na walinzi wa mwili. Walinzi wa mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, hata hivyo, wamechoka.

Kisumu na Nandi zinapakana. Kutoka uwanda wa Kano unaviona vilima vya Nandi kwa macho. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Marekani walifuatilia watoto wachanga wa pande zote mbili, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba zaidi ya theluthi moja ya wale wa Kisumu walikuwa wameambukizwa virusi kabla ya kufikisha miezi sita. Huko Nandi, ambako mbu ni wachache, ilikuwa kama mmoja kati ya wanane. Hapo mlima na bonde vinajieleza vyenyewe.

Kisichojieleza ni bonde lenyewe. Ndani ya Nyanza, ambako kila kijiji kina mbu na kila mtoto ana virusi, ziko lokesheni zenye wagonjwa wengi na jirani zake zenye wachache. Mwaka 2010 Peter Odada Sumba na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Uingereza la saratani. Hawakupima wagonjwa. Walipima watoto wazima, kutoka sehemu zenye wagonjwa wengi na zenye wachache, wakatazama malaria, wingi wa virusi, dalili za utapiamlo, na kitu ambacho wachache wangefikiria kukitafuta kwenye damu ya mtoto wa kijijini: seleniamu. Sehemu zenye wagonjwa wengi ndizo zilizokuwa na watoto wenye seleniamu pungufu.

Seleniamu ni madini tunayoyahitaji kwa kiasi kidogo mno, sehemu ndogo sana ya gramu kwa siku. Mwili huyatumia kuunda vimeng'enya vinavyozima kemikali kali ambazo seli huzitoa zinapopigana na vijidudu, mithili ya mtu anayepita nyuma ya wapiganaji akizima moto waliouacha. Mtoto mwenye malaria anawaka moto huo kila siku. Tena lipo jambo la ajabu zaidi: miaka ya 1990 Melinda Beck na wenzake, huko Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na seleniamu, wakawaambukiza virusi visivyo na madhara makubwa. Virusi vilibadilika ndani ya panya hao vikawa vikali, na ukali huo vikabaki nao hata vilipohamishiwa panya walioshiba. Lishe duni ya mmoja ilikuwa imewatengenezea wengine ugonjwa.

Tusikimbilie duka la dawa, lakini. Utafiti wa Nyanza ulilinganisha mahali na mahali. Haukuonyesha kwamba upungufu ndio ulioleta uvimbe. Malaria yenyewe hudhoofisha lishe, na lishe duni huifungulia mlango malaria, kwa hiyo ni kazi ngumu kujua kipi kilitangulia. Na vidonge vina historia yake. Huko Linxian, China, ambako watu walikula vibaya na saratani ya umio ilikuwa imekithiri, seleniamu pamoja na vitamini E na betakarotini vilipunguza vifo vya saratani kwa asilimia 13 kati ya watu karibu 30,000. Wavutaji sigara wa Ufini waliomeza betakarotini, wanaume walioshiba vizuri, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Kirutubisho ni kama maji ya mtungi: ukiwa nusu utaujaza, ukiwa umejaa utalowesha sakafu. Nadhani hata saratani za kinywa na koo za watu wazima zingeeleweka vizuri zaidi kwa mfano huo. Wanaokula mboga na matunda huonekana kuugua kidogo, lakini hakuna sukuma wiki inayoweza kumkinga anayechanganya sigara na chang'aa.

 

Seleniamu hutoka wapi? Kwenye mahindi inategemea udongo. Kwenye samaki ipo. Hapo ndipo msomaji wa Kisumu anapokuna kichwa, maana samaki ndiye jina la pili la mji huu. Lakini minofu ya mbuta hupanda ndege kwenda Ulaya, na mtaa wa Obunga hubaki na mgongo wazi, ile mifupa inayokaangwa na kuuzwa kwa wenye mfuko mwembamba. Omena, dagaa wa ziwani ambaye huliwa mzima na kichwa chake, sehemu kubwa yake huishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku.

Halafu kuna kalenda. Nitakalosema sasa ni mawazo yangu, sikulitoa maabara. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, na ni sheria ya busara. Hiyo ndiyo miezi ambayo mvua ndefu huujaza uwanda wa Kano madimbwi, na malaria hufuata nyuma yake. Ghala la mahindi nalo linakaribia kuisha, kwa kuwa mavuno mapya yako Julai au Agosti. Sokoni Kibuye bei ya gorogoro la omena, kile kipimo cha mkebe, hupanda. Omena waliobaki, walionyeshewa mchangani, huuzwa kando, kwenye magunia ya chakula cha kuku.