Stika ya Bima Iko Kwa Kioo Lakini Wamekataa Kulipa? Hii Ndio Rada

Wacha tuseme umejinyima mpaka ukanunua Vitz ya mkono wa pili. Mchana uko job, usiku unabeba watu na app ndio gari ijilipe. Stika ya bima iko kwa kioo, karao wakikusimamisha wanaicheki na kukuachilia. Halafu jioni moja mvua inanyesha Mombasa Road, unakanyaga breki, gari inateleza na unaingia Probox kwa nyuma. Boneti imekunjika, dere wa Probox ameumia shingo. Unapigia kampuni ya bima ukijua wewe uko sawa. Baada ya wiki kadhaa unapata barua: samahani, hatutalipa gari yako.

Hapo ndio wasee wengi hugundua kitu ajenti hakuwaambia. Stika inaonyesha tu kwamba bima iko. Kama utalipwa, hiyo inategemea hali ya gari na kazi ilikuwa inafanya siku hiyo.

Bima si moja

Third party ndio sheria inalazimisha kila mwenye gari Kenya awe nayo. Kazi yake ni kulipia watu wengine ambao gari yako imeumiza au kuua. Kuna mwisho pia: chini ya sheria hiyo, bima haibebi zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Koti ikiamua majeruhi alipwe milioni 5, hizo 2 zinakutafuta wewe.

Comprehensive inaongeza gari yako mwenyewe: ikigongwa, ikiibwa au ikiungua. Na hapa ndipo barua za kukataa huwa nyingi.

Hali ya gari inaingia wapi?

Soma karatasi ya bima yako, si stika, ile ndefu. Kawaida kuna mahali imeandikwa kwamba mwenye gari lazima aitunze iwe salama kwa barabara. Ukipata ajali mbaya, polisi wanapeleka gari ikaguliwe, na mkaguzi anaandika ripoti. Ndani ya ripoti kuna swali moja noma: hii gari ilikuwa na hitilafu kabla ya ajali? Akiandika tairi zilikuwa vipara au breki hazikuwa zinashika, hiyo sentensi itasomwa na bima na pia na hakimu.

Lakini skia hii, juu watu hawaijui. Kwa yule dere wa Probox aliyeumia, bima haiwezi kujificha nyuma ya tairi zako. Sheria inasema masharti kuhusu hali ya gari hayawezi kumnyima mtu wa tatu fidia ya majeraha yake. Bima inamlipa, halafu inaweza kukugeukia wewe urudishe hiyo doh. Kwa ufupi, tairi kipara haifuti deni. Inabadilisha tu mwenye kulilipa.

Ukaguzi wa NTSA

Matatu, teksi na magari ya biashara lazima yakaguliwe kila mwaka. Unabook kwa eCitizen, unalipa, unapeleka gari kwa kituo kama kile cha Likoni Road, Industrial Area. Wanaangalia breki, usukani, taa, tairi, mashoki na kidhibiti mwendo kwa magari yanayotakiwa kuwa nacho.

Cheti kikiisha, si lazima madai yako yafe hapo hapo, lakini umewapa sababu ya kuuliza maswali. Na usijaribu ile ya kuazima tairi mpya za siku moja ndio upite. Cheti kinaongea kuhusu siku ya ukaguzi. Ripoti ya ajali inaongea kuhusu siku uligonga.

Ngori kubwa: bima ya familia, kazi ya teksi

Kama ulilipia bima ya matumizi binafsi halafu unabeba watu wa kulipa, hiyo ni shida kushinda hata tairi. Kampuni inaweza kusema haikuwahi kukubali hiyo hatari, na hata kwenda koti kutafuta njia ya kujitoa. Bima ya teksi ni ghali kidogo, ndio. Lakini kulipa bei ya chini kwa kitu hakitakusaidia siku ya ajali ni kama kuchoma pesa.

Ukigonga au ukigongwa, fanya hivi

1. Saidia walioumia kwanza, halafu piga picha: magari yote, namba, tairi, barabara.
2. Ripoti kwa polisi ndani ya saa 24 na uitishe abstract. Bila hiyo, bima haitakuskiza.
3. Usiseme "ni mimi nimekosa, nitalipa." Bima nyingi zinakataza kukubali makosa au kuelewana hapo kando ya barabara bila wao kujua.
4. Ambia bima mapema. Jaza fomu, weka nakala ya leseni, logbook na cheti cha ukaguzi kama gari ni ya biashara.
5. Usipeleke gari kwa fundi wa mtaa kabla mkaguzi wa bima hajaiona.
6. Weka risiti za servis. Risiti ya breki mpya ndio jibu lako wakisema hukutunza gari.

Sheria inaipa kampuni siku 90 tangu uripoti ili ikubali au ikatae, na ilipe. Wakizungusha, peleka malalamiko kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Na kama wewe ni abiria tu?

Mat ikianguka na wewe ndani, shika namba ya gari, abstract, karatasi za hospitali na fomu ya P3. Una miaka 3 ya kuenda koti kudai fidia. Konkodi akikuambia "mat haikuwa imekaguliwa, hutapata kitu," usimskize. Hiyo ni ngori ya mwenye mat.

Sasa toka nje ucheki tairi zako.