Barua Yako Yaweza Kugeuza Hadithi

Chini ya hadithi za magazeti kuna neno moja linalotuudhi wiki nzima: "Itaendelea." Lakini neno hilo lina faida. Maana yake mwandishi hajamaliza kazi, na asiyemaliza aweza kushauriwa.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Msimulizi huita, "Hadithi, hadithi!" na asipojibiwa, "Hadithi njoo!" haanzi. Gazeti la Kiongozi lilipoanzishwa mwaka 1950 hapa Tabora, msimulizi na msikilizaji hawakuwa tena kwenye moto mmoja. Barua ndiyo ikawa kiitikio.

Tutazame lililotokea Uingereza. Charles Dickens alikuwa akitoa hadithi ya David Copperfield sehemu kwa sehemu, kila mwezi. Katika sehemu ya Desemba 1849 alimwingiza mwanamke mfupi mno, Miss Mowcher, mwenye maneno ya mzaha, naye alikusudia kumfanya mtu mbaya. Kumbe karibu na nyumba yake aliishi mama mwenye kimo kama hicho, mtunza mikono na miguu ya watu. Mama yule alijitambua katika hadithi, akaona uchungu, akamwandikia. Dickens alimjibu kwa masikitiko, akaahidi kubadili nia yake. Katika sehemu ya Machi 1850, Miss Mowcher akatokea kuwa mtu mwema, akiwaonya watu wasidhani kwamba kilema cha mwili ni kilema cha roho.

Je, mwandishi afuate kila barua? Hapana. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori asiyemjali mkewe Tunu, akifuata wanawake njiani. Mwisho UKIMWI ukampata. Kama mtunzi angemponya ili kuwafurahisha wasikilizaji, angewadanganya vijana na kuwadharau akina Tunu wote.

Basi, barua ni za namna mbili. Moja yasema, "Nampenda huyu, usimwue." Hiyo yaonyesha kwamba hadithi imeingia moyoni, nayo yatosha kwa hilo. Ya pili yasema, "Hapa umemwonea mtu." Hiyo ndiyo ya kupimwa kwa makini, maana nyuma yake yupo jirani mwenye damu na nyama.

Nasi tunao jirani huyo. Huku kwetu na Usukumani bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Tena twajua kwamba moshi wa kuni, miaka hamsini jikoni, hugeuza macho ya mtu yeyote. Hadithi ikimleta kizee mwenye macho mekundu na kumfanya mchawi, inampa panga mtu aliyekwisha kukasirika. Usicheke tu na kufungua ukurasa mwingine. Mwandikie mhariri, kwa barua au kwa simu. Taja sehemu ya hadithi, sema ulijualo kwa macho yako, usimtukane mtunzi.

Bibi mwenyewe labda hajui kusoma. Basi wewe usomaye ndiwe utakayemsemea, na umsemee mapema, kabla sehemu ya mwisho haijachapwa.