Serikali Ikibadilisha Kanuni za Utafiti, Campo Yako Hujibu Aje? Soma Hii Kabla Projekti Yako Ikwame

Kama uko fourth year pale Egerton ama Kabarak na unajipanga kushuka Njoro kuuliza wakulima maswali ya projekti, hii stori ni yako. Na kama hauko campo, lakini kuna siku msee wa fomu na kalamu alibisha kwa ploti yenu Free Area akikuuliza mnakula nini na mnalipa rent ngapi, pia wewe keti hapo. Inakuhusu.

Kwanza, mambo iko aje saa hii?

Kenya hauwezi amka tu asubuhi uanze kukusanya data. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema lazima uwe na leseni kutoka NACOSTI. Kabla ufike huko, kamati ya maadili husoma mpango wako kuona kama kuna mtu utaumiza. Ukifanya utafiti bila leseni, hilo ni kosa la jinai. Si mchezo.

Sasa shika hii. Bunge hupitisha sheria kubwa, lakini vitu zinakugusa mfukoni (ada, fomu, masharti) hukaa kwa kanuni, na kanuni huandikwa na wizara. Zile za leseni ya utafiti zilitoka 2014. Kuna sheria ingine ya 2013 inasema kanuni hufa zenyewe baada ya miaka 10, na zikiongezewa muda haupiti miezi 12. Piga hesabu. Kila miaka kumi hivi, rasimu lazima irudi mezani, na kila mara kuna mtu anaamua utalipa ngapi na utangoja siku ngapi.

Rasimu ikitoka, chuo hufanya nini?

Moja, wanaisoma kifungu kwa kifungu. Hii ni kazi ya ofisi ya utafiti, mawakili wa chuo na malec wenye wako na projekti zinaendelea.

Mbili, wanaandika memoranda. Katiba, Kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe, kwa hivyo wizara hutoa tangazo na tarehe ya mwisho ya maoni. Memoranda mbaya husema "hii kanuni ni mbaya, toeni." Memoranda fiti hutaja kifungu, inasema kitaharibu nini, alafu inapendekeza maneno mengine ya kuweka hapo.

Chukua mfano wa hapa kwetu. KALRO Njoro hupima ngano kutoka nchi kibao kuona kama itahimili kutu ya shina, ule ugonjwa wa Ug99 uliogunduliwa Uganda 1998. Sasa tuseme rasimu inaongeza muhuri mmoja wa ziada unaochukua miezi mitatu. Kwa karatasi ni kitu kidogo. Kwa shamba, mvua imepita, msimu umeisha, na kutu haikungoja muhuri. Ukiandika hivyo, hata karani wa Nairobi ambaye hajawahi kanyaga shamba la ngano anakuelewa.

Tatu, Bunge. Kanuni zikishachapishwa kwa Gazeti la Serikali, wizara iko na siku 7 za vikao kuzifikisha Bunge. Ikizembea, zinakufa. Zikifika, kuna kamati ya wabunge inaweza kupendekeza Bunge lizitupe, kwa hivyo vyuo huenda kujieleza huko pia.

Nne, korti. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa utafiti wa kisayansi. Kama watu hawakushirikishwa, jaji anaweza kufuta kitu yote.

Lakini maoni husomwa kweli?

Angalia Marekani. Wako na kanuni moja inaitwa Common Rule, ya kulinda watu wanaofanyiwa utafiti. Usidhani iko mbali: utafiti wa Kenya ukilipiwa na doh ya serikali yao, hiyo kanuni inafika hadi hapa. 2015 serikali yao ilitoa rasimu ikitaka mtu aombwe ruhusa kabla damu ama tishu yake iliyobaki hosi itumike kwa utafiti, hata kama jina lake limeondolewa. Maoni zaidi ya 2,100 yakaingia. Vyuo vikasema gharama itakuwa noma na sampuli nyingi zitakosa kutumika. Kanuni ya mwisho ilipotoka Januari 2017, hicho kipengele kilikuwa kimetolewa.

Vyuo vilishinda. Lakini jiulize: mwenye damu alishinda?

Hapo ndio kuna stori

Chuo hujitetea kama chuo. Kitaongea juu ya gharama, makaratasi na wafadhili, na mara mingi kiko right. Lakini komredi wa degree ya kwanza mwenye hana mfadhili, mwenye ada ikipanda anaiba kwa pesa ya chakula, hayuko kwa hiyo meza. Mathe wa Njoro mwenye alijibu maswali 60 na hakuwahi ambiwa matokeo pia hayuko. Huyo mathe ako na Kifungu cha 31 cha Katiba kuhusu faragha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini nani atamsemea rasimu ikitoka?

Kwa hivyo tangazo likitoka, usiscroll tu. Soma kifungu kinachokugusa. Andika ukurasa mmoja: kifungu namba fulani, kitanifanyia hivi, wekeni hivi. Weka jina na utume kabla ya deadline. Haihitaji PhD, na haihitaji ruhusa ya supavaiza. Uongozi wa wanafunzi unaweza kusanya za mia moja na kuzipeleka pamoja.

Wewe ushawahi ulizwa maswali na watafiti mtaani kwenu? Walirudi kuwaambia walipata nini? Tuambie hapo chini.