Klarineti ya Kwanza na Barabara ya Kindu

Papa mmoja wa hapa Kasongo alinijia na simu mkononi. Kwenye kioo palikuwa na picha ya klarineti mpya, nyeusi tii, funguo zake zinameta kama vyombo vya harusi. Dola 95, pamoja na sanduku, kitambaa cha kufutia na glavu nyeupe. Binti yake ana miaka 11, ameingia fanfari, na mwalimu ameshasema kila mwanafunzi aje na chombo chake. "Mwalimu, hii si ndiyo ya bei nafuu?"

Glavu ndizo zilizonitia wasiwasi. Hakuna mpulizaji wa klarineti anayevaa glavu. Vidole lazima viguse matundu vyenyewe. Anayekuuzia klarineti na glavu anakuuzia picha.

Nami nasema hivyo kwa sababu nilishauziwa. Mwaka fulani, mwezi wa tano, tukijiandaa kwa gwaride la 30 Juni, nilijinunulia klarineti mpya isiyo na jina la kueleweka kwa mfanyabiashara aliyetoka safari. Wiki ya tatu ufunguo wa kidole kidogo cha kushoto ukavunjika. Haukupinda, ulikatika kama biskuti. Nikaupeleka kwa fundi wa kuchomelea, mtu mwenye mkono mzuri, aliyekwisha kufufua masufuria na fremu za baiskeli za mtaa mzima. Moto ulipougusa, ule ufunguo ukayeyuka, ukawa tone. Siku ya gwaride nilipita mbele ya jukwaa nikipuliza zile noti ambazo hazikuhitaji ufunguo huo, na zilizobaki nikazipiga kwa mashavu tu.

Siri ilikuwa kwenye madini. Funguo za klarineti ya heshima hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao Wafaransa huuita maillechort. Ukiangusha chombo, ufunguo unapinda, nawe unaunyoosha. Ukikatika, unaungwa kwa moto. Funguo za klarineti za kutupwa humiminwa kwa madini hafifu, kisha hupakwa mng'aro. Hazinyooshwi, haziungwi.

Hapo ndipo hesabu ya bei ya mtu wa Kasongo au Kabambare inapoachana na ile ya mtu wa Brussels. Yule klarineti yake ikivuja, anaipeleka kwa fundi mtaa wa pili. Sisi tuna zaidi ya kilomita 200 za barabara hadi Kindu, mnazijua zilivyo wakati wa mvua, na hata ukifika Kindu kazi hiyo si ya kila fundi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dola ngapi, mimi huuliza: ikiharibika, mtu wa hapa hapa ataweza kuirudisha kazini kwa bisibisi, uzi, nta na moto mdogo? Ikiwa hawezi, hata dola 20 ni nyingi.

Wenzetu wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, walipokatikiwa na nyuzi za violini walifunga waya za breki za baiskeli. Violini hukubali ujanja wa namna hiyo. Klarineti ni mbishi zaidi. Ni bomba lenye matundu zaidi ya 20, na mengi yake yamefunikwa na vizibo vidogo vya kitambaa kilichovikwa ngozi nyembamba. Kizibo kimoja cha juu kikiinuka unene wa karatasi tu, noti zote za chini yake hukwama au hupiga mayowe. Tena chombo hiki hakiruki kama filimbi na saksofoni, ambazo hupanda noti 8. Ukibonyeza ufunguo wa dole gumba la kushoto, klarineti inaruka 12: kutoka fa ya chini unajikuta kwenye do. Ni mlango mgumu kwa mwanafunzi hata chombo kikiwa kizima. Kikiwa kinavuja, haufunguki kabisa, na mtoto hawezi kujua kwamba kosa ni la kizibo. Anajiona yeye ndiye hafai, anarudisha sanduku chini ya kitanda.

Papa wa simu aliniuliza tena: basi anunue ya mti? Amesikia kwamba za mti ndizo za kweli.

Ni kweli kwamba bomba zuri la klarineti huchongwa kwa mpingo, mti ule ule wa wachonga vinyago wa Kimakonde, mzito hata unazama majini. Unatoka hasa Tanzania na Msumbiji, unakwenda Ulaya ukiwa vipande, na huko Ufaransa wanauita grenadille. Tangu mwaka 2017 biashara ya jamii nzima ya miti hiyo inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ingawa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti ya vibali. Mti wa Afrika Mashariki hurudi Afrika Mashariki ukiwa na funguo za nikeli na bei ya kutisha. Mimi ningependa siku moja kila mpulizaji wetu aushike. Ila asianze nao. Mpingo hupasuka. Pumzi ya mtu ni ya joto na maji. Ndani bomba linavimba, nje bado limekauka na kupoa, na ufa unaanzia pale juu karibu na matundu madogo. Fikiria misa ya kwanza mwezi wa saba, kiangazi kimekaza, mtoto anatoa chombo kwenye sanduku na kuanza kupuliza kwa nguvu zote kwa sababu kwaya inamsubiri. Chombo cha mti kinataka mwenyewe akizoeze kidogo kidogo, akikaushe, akipake mafuta, akilinde. Mwanafunzi wa miaka 11 hana hayo.

Plastiki ngumu, ile inayoitwa ABS, haijali misa ya kwanza. Mvua, kiangazi, jua la uwanjani, yote yanapita. Na msikilizaji aliye hatua kumi mbali hawezi kutofautisha plastiki na mpingo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndugu yangu, hata akijitia mjuzi.

Basi tutafute plastiki yenye jina, iliyokwisha kutumika. Yamaha YCL-255 na ndugu zake wakubwa wa mfululizo wa 200 ni nzuri mno, lakini mpya inapita dola 500, kwa hiyo itafutwe iliyozeeka. Buffet Crampon walikuwa na B12, ya plastiki, ipo nyingi Ulaya. Marekani shule zilijaa Bundy, ambayo ni jina la Selmer la wanafunzi, na Vito za Leblanc. Zina sura ya kazi, mng'aro umefifia, lakini funguo ni za madini ya kweli. Iliyohudumiwa hupatikana kati ya dola 100 na 250. Isiyohudumiwa ni chini ya hapo, nayo ni kamari: kubadilisha vizibo vyote ni kazi ya siku nzima hata kwa aliyezoea.

Wengi wetu tuna ndugu Ubelgiji, na hapa kuna jambo dogo la lugha linaloweza kukuokolea miezi. Sisi Kongo kundi lolote la kupuliza tunaliita fanfare. Kwa Wabelgiji fanfare ni tarumbeta, tromboni na saksofoni. Lenye klarineti huitwa harmonie. Ukimtuma mdogo wako wa Brussels akaulize klarineti kwenye fanfare ya kijiji, watamwangalia tu. Aulize harmonie. Makundi hayo yako mengi, na wanafunzi wao wakikua vyombo vya kuanzia hubaki kabatini.

Mwambie pia ahesabu pete. Kwenye kipande cha chini cha klarineti kuna pete za chuma zinazozunguka matundu ya mkono wa kulia. Zikiwa 3, huo ni mfumo wa Böhm, uliotengenezwa Paris na Klosé na Buffet kufikia mwaka 1843, na ndio unaofundishwa na karibu kila kitabu utakachokipata. Zikiwa 2, rudisha. Mifumo ya zamani ina vidole vyake, na mmoja wa waundaji wake maarufu, Eugène Albert, alikuwa mtu wa Brussels hasa, kwa hiyo Ubelgiji huko haishangazi kukutana na kazi zake kwenye masoko ya vitu vikuukuu. Ni vitu vizuri vya kutundika ukutani. Halafu aangalie maandishi: iwe ya si bemol. Zipo za la, za do, na ndogo za mi bemol, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote. Ya si bemol inasoma sawasawa na tarumbeta, hivyo mtoto akikosa kitabu chake anaazima cha mpiga tarumbeta na kazi inaendelea. Akikuta herufi HP kwenye klarineti ya zamani sana, aiache. Ilitengenezwa kwa sauti ya juu kuliko ya leo, na haitapatana na kinanda cha kanisa hata kidogo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo watu hawaitilii fedha, nayo ndiyo yenye sauti. Nazungumzia kinywa, ile sehemu ya juu inayoingia mdomoni, na ulimi wa mwanzi unaofungwa juu yake. Klarineti ya kawaida yenye kinywa kizuri hupiga vizuri. Klarineti ya bei kubwa yenye kinywa kibaya ni bomba la maji. Vinywa vinavyokuja bure kwenye sanduku la dola 95 mara nyingi vina uso usio sawa. Ulimi hauwezi kulala juu yake, na mtoto anapuliza mpaka masikio yanaziba. Kinywa cha Yamaha cha namba 4C ni cha dola 30 au 40, na ningekubali mtu apunguze bei ya chombo ili akipate hicho. Kikifika, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Si ya moto, hasa kikiwa cha raba ngumu iitwayo ebonaiti, maana hubadilika rangi ikawa kama majani yaliyooza.

Ulimi unatoka kwenye mwanzi unaoitwa kwa jina la kitaalamu Arundo donax, na sifa kubwa ni ya ule wa jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Vandoren wa Paris wanazikata tangu mwaka 1905. Zina namba za ugumu, na hapa wavulana wa fanfari hushindana kama wanaobeba mifuko ya saruji: mimi napuliza 3, mimi 3 na nusu. Mwanafunzi aanze na 1½ au 2. Boksi lina 10, na ulimi mmoja ukipulizwa kila siku huchoka kwa wiki chache, kwa hiyo afungue tatu, azizungushe, leo huu kesho ule. Kosa la hapa kwetu Maniema ni kuuacha ulimi ukiwa mbichi kwenye kinywa, kinywa ndani ya sanduku, sanduku limefungwa. Msimu wa mvua, baada ya siku mbili utakuta ukungu. Uufute, uulaze kwenye kipande cha kioo cha dirisha, upande bapa chini. Kuna pia ndimi za plastiki, Légère za Kanada zikiwa maarufu. Mmoja una bei ya kama boksi zima la mwanzi, lakini unadumu miezi mingi na hauogopi ukungu. Zamani nilizidharau. Siku hizi kwa mwanafunzi aliye mbali na duka la muziki ninazipendekeza bila aibu.

Papa akiwa na dola 200, nilimgawia hivi: 120 klarineti, 35 kinywa, 25 ndimi, 20 seti ya vizibo vya akiba na bisibisi ndogo. Nauli kando. Uzi wa cherehani tunao. Gome laini la maungio likibanduka, zungusha uzi uliopakwa nta ya nyuki. Ndivyo klarineti zote zilivyoungwa kabla ya hilo gome, na hata leo hushika. Springi ikikatika, kipande chembamba cha mpira wa ndani wa baiskeli kitavuta ufunguo mpaka springi ipatikane. Mawese, tafadhali, yabaki jikoni. Nimeona maungio yaliyopakwa mawese yakigeuka karamu ya mende.

Klarineti isafiri imefunguliwa vipande, kila kipande kimeviringishwa kwa nguo ndani ya sanduku, na sanduku liwe mgongoni mwa mtu, si kwenye keria ya pikipiki. Barabara hulegeza skurubu moja baada ya nyingine bila kelele. Ikifika, chukua kipande cha juu peke yake, ziba matundu kwa vidole, ziba ncha ya chini kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo. Ukiachia midomo na kusikia mlio mdogo wa "po", kipo sawa. Hewa ikiingia kama kwenye kikapu, tafuta kizibo kinachovuja kwa kipande cha karatasi ya sigara: kibane chini ya kila kizibo, ukivute taratibu, kinachoteleza bila kushikwa ndicho.

Papa aliandika yote hayo kwenye daftari la duka lake. Kisha nikamwambia, kabla ya kutuma hata faranga, amlete binti Jumapili, apakate klarineti yangu. Akaja. Dole gumba la kulia lilibeba uzito bila kutetemeka. Nikamwambia azibe matundu yote saba, akandamize, ahesabu hadi kumi, kisha anionyeshe vidole. Kwenye ncha sita palikuwa na duara kamili, nyekundu. Kwenye kidole cha pete cha kulia lilikuwa duara pungufu, kama mwezi wa siku ya nne. Alilitazama, akarudisha mkono kwenye chombo bila kuambiwa, akasogeza kidole kidogo, akakandamiza tena.